Gereji ya Subaru Tabata: taimingi belti kwa gari linaloshinda kwenye foleni

Kama una Subaru Forester yenye injini ya EJ20 na kila asubuhi unakula foleni ya Morogoro Road, mpelekee fundi huyu. Nimebadilisha taimingi belti kwake wiki iliyopita, ule mkanda wa raba unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Wengine wote huanza na "imetembea ngapi?" Yeye aliniuliza naishi wapi, nafanya kazi wapi, natoka nyumbani saa ngapi.

Nikamwambia Mbezi mpaka Posta, na mvua ikinyesha Jangwani ikafungwa ndiyo usiseme. Akapiga hesabu palepale. Kilomita kama 25, siku mbaya unakaa njiani saa mbili nzima. Saa mbili hizohizo njia ikiwa nyeupe ningekuwa naingia Chalinze. "Dada, kilomita zinakudanganya," akasema. Ni kweli injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, inazunguka taratibu, hilo alilisema mwenyewe. Kinachoimaliza belti pale ni joto: gari limesimama, upepo hakuna, AC inavuma, na belti imefungiwa ndani ya kava. Raba inakakamaa, grisi ya beringi za rola zinazoongoza belti inakauka. Japani wanaibadilisha kwenye kilomita laki moja. Kwa gari la foleni ya Dar yeye anashauri elfu 70 au miaka mitano, kitakachotangulia.

Kilichonishawishi zaidi ni stika ya Kijapani chini ya boneti. Ipo tangu nanunua gari, na hakuna fundi aliyewahi kuniambia ni ya nini. Huyu akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha namba 26: mwaka wa 26 wa Heisei kwa kalenda ya Kijapani, yaani 2014, ndipo belti ilipobadilishwa mara ya mwisho, na kilomita zake zimeandikwa pembeni. Kwa kilomita, belti ilikuwa nusu ya safari tu. Alipoitoa na kuikunja kinyume, mipasuko ilijipanga kwenye mashina ya meno, na ukingo mmoja umelowa oili iliyovuja kwenye sili ya kamshafti, shafti inayofungua valvu. Rola moja aliizungusha kwa kidole ikakimbia huku ikilia kavu. Mpya inazunguka kwa uzito, kimya. Umri umechangia, sikatai, lakini zile rola ni joto la foleni.

Wenye Corolla za zamani za injini ya 5A, belti ikikatika gari linazima, unavutwa, unaweka nyingine. EJ20 siyo hivyo. Valvu zinakutana na pistoni, na hapo unafungua silinda hedi zote mbili. Ndiyo maana alikataa kabisa kuweka belti peke yake. Seti nzima: belti, tensheni inayoikaza, rola zote, sili, na pampu ya maji, kwa sababu inazungushwa na belti hiyohiyo na ukiiacha ikaja kuvuja kazi yote inarudiwa. Spea tulifuata wote Gerezani. Boksi la kwanza lenye jina la Aisin, kampuni ya spea ya Japani, alilirudisha baada ya kuangalia maandishi ya kwenye belti yenyewe na kutoyaamini. La duka la tatu ndilo tulilochukua.

Mapungufu yapo. Pa kukaa hakuna, vumbi jingi, na gari niliahidiwa jioni nikalipata kesho yake mchana kwa sababu ya sili. Alinipigia mapema kunieleza, akanitumia na picha za alama za taimingi zikiwa zimekaa kwenye mstari kabla hajafunga kava. Ufundi ni laki moja na nusu, juu kidogo ya mafundi wa barabarani, na kwa kazi niliyoiona sioni kama ni kubwa.

Jumapili hafungui. Piga simu kwanza maana nafasi zake ni chache, na omba upewe spea zako za zamani uzione. Anazitoa bila kusita.