Kozi ya daivumasta pwani ya Nungwi: chukua ya wiki 8, wacha ya wiki 3

Kijana wa Nungwi, Kendwa au Matemwe anayetaka kuongoza wageni chini ya maji, badala ya kuishia kubeba mitungi ufukweni, lazima aje kuikabili kozi ya daivumasta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Hapa tunaipima ile ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, kama inavyofundishwa pwani ya kaskazini ya Unguja. Kozi yenyewe imepangwa vizuri, na hatua zake kila moja ina sababu yake. Kinachoiharibu ni haraka. Wapo wanaoiuza kwa wiki 3, na mwanafunzi hutoka na kadi mkononi ilhali hajapata hata siku moja kuongoza kundi kwenye maji yanayokwenda kasi. Kwa bahari yetu, wiki 8 si nyingi.

Masharti ya kuingia: miaka 18, cheti cha uokoaji, mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyofanywa ndani ya miezi 24, fomu ya afya iliyosainiwa na daktari ndani ya miezi 12, na mizamo 40 iliyoandikwa kwenye daftari. Ili umalize unahitaji 60. Daftari lisichukuliwe kama mapambo: andika pahala, kina, dakika, hewa uliyoanza nayo na uliyorudi nayo. Mwalimu makini akilisoma anajua kama unakula hewa ovyo.

Wengi hukwama kwenye majaribio ya maji, na hasa ya kuogelea. Yako matano, kila moja lina alama 1 hadi 5, na jumla isipungue 15. Kuogelea mita 400 bila kifaa chochote: ukitaka alama 3, umalize chini ya dakika 10 na sekunde 50. Mita 800 kwa maski, snokeli na mapezi, bila kutumia mikono: chini ya dakika 19 kwa alama hizo hizo. Kumvuta mzamiaji aliyechoka mita 100: chini ya dakika 4 na sekunde 20. Kuelea dakika 15, mbili za mwisho mikono ikiwa juu ya maji. Hili ukilifanya sawasawa unapata 5 kamili, na hizo ndizo zinazofidia pengo la mita 400. La tano ni kubadilishana vifaa na mwenzako chini ya maji huku mnapokezana regulata moja, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi.

Vijana wa pwani wana nguvu majini, lakini wengi huogelea kichwa kikiwa nje. Kichwa kikipanda miguu hushuka, mwili unakuwa kama jahazi lililotia nanga, na pumzi inakatika mita 200 tu. Mwezi mzima kabla ya kozi, ogelea mita 100 mara nne kila siku, uso ndani ya maji, ukigeuza kichwa ubavuni kuvuta pumzi. Nungwi na Kendwa maji hayatoki mbali yakipwa, kwa hiyo mazoezi yanawezekana saa nyingi za mchana. Wa Paje na Jambiani wangoje maji yajae.

Kwenye kubadilishana vifaa, kosa ni lile lile kila mara: regulata ikiwa kwa mwenzako, mtu anabana pumzi. Mdomo ukiwa mtupu, toa viputo vidogo vidogo mfululizo. Ukibana pumzi ukapanda hata mita chache, hewa inapanuka kifuani na mapafu yanaweza kupasuka. Kubalianeni juu ya nchi kavu nani anavua nini kwanza, maana chini hakuna kujadiliana.

Baadaye huja mazoezi 24 ya kuonyesha ufundi, alama 82 ndizo za kupita, na hakuna zoezi linaloruhusiwa kushuka chini ya 3. Hapa hupimwi kama unaweza. Unapimwa kama mgeni anayekutazama ataweza. Chukua kutoa maji kwenye maski. Vidole viwili juu ya fremu, bonyeza kidogo, pumua kwa pua taratibu, huku kidevu kinapanda. Hewa inakaa juu na kuyasukuma maji yatoke chini. Anayebonyeza chini ya fremu amefunga mlango wa kutokea maji, na anayepumua kwa mdomo atapuliza mpaka achoke maski ikiwa bado imejaa. Mwalimu anayekwambia "sawa" kwa zoezi ulilolifanya kwa sekunde 4 hakusaidii.

Sehemu ya vifaa ndiyo tunayoipa alama za juu zaidi, pale inapofundishwa kweli. Kufunga regulata kwenye mtungi kunaonekana kazi ndogo. Tazama kwanza ringi ya mpira kwenye vali: ikiwa na ufa au chembe ya mchanga, itapiga mluzi, au itapasuka mtungi ukiwa umejaa. Funga, fungua vali yote, kisha vuta pumzi mara tatu nne macho yakiwa kwenye geji, saa ya kupimia hewa ya mtungi. Mshale ukicheza kila unapovuta, vali haijafunguka vya kutosha. Juu ya boti utapumua bila shida, lakini mita 30 chini shinikizo ni mara 4 ya juu, na kila pumzi inataka hewa mara 4. Hapo ndipo mgeni anashtuka kwamba hewa haiji. Wakati wa kuosha, kifuniko kirudi mahali pake kikiwa kikavu, na usibonyeze kitufe cha kutoa hewa regulata ikiwa kwenye beseni, maana maji yatapanda hadi ndani na chumvi itaila.

Risasi, zile za uzito wa kukushusha chini, nazo zina hesabu yake. Mitungi ya alumini inayotumika hapa huwa myepesi kadiri hewa inavyokwisha, kwa tofauti ya zaidi ya kilo 2. Mgeni aliyepimwa uzito mtungi ukiwa umejaa, akiachwa hivyo hivyo, atashindwa kutulia mita 5 kwa zile dakika 3 za mwisho za kungoja kabla ya kupanda juu. Mpime mtungi ukiwa karibu kwisha, geji ikisoma bar 50, au umwongezee kilo 2.

Kabla ya kulipa, nenda nyuma ya kituo ukaangalie kompresa, mashine ya kujazia hewa mitungi. Bomba la kuvutia hewa liko wapi na moshi wa injini unatokea wapi? Wakati wa kusi upepo unaweza kuupeleka moshi mbali, ikifika kaskazi ukaurudisha kwenye bomba lile lile, na moshi huo una gesi inayoua bila harufu. Bomba linyanyuliwe juu au lihamishwe kufuata upepo. Kituo ambacho hakuna anayejua filta ilibadilishwa lini, ondoka. Angalia pia shingo ya mtungi: kuna tarehe ya kupimwa kwa shinikizo, kawaida kila miaka 5. Na uulize oksijeni iko boti gani. Jibu "iko ofisini" halitoshi.

Sasa bahari, ambako kozi fupi inaumbuka. Mnemba siku za maji mafu ni skuli nzuri ya kuanzia. Siku za bamvua, pale Kichwani, mwamba wa hapo hapo Mnemba, mkondo unaweza kulichukua kundi lote kabla hujageuka kuhesabu watu, na fungu la Leven kaskazini ya Nungwi ni gumu zaidi kwa kuwa liko maji wazi. Mwanafunzi anatakiwa aione karibu miandamo miwili ya mwezi, bamvua na maji mafu yake, aweze kumwambia nahodha: tushuke saa fulani, upande fulani, utuokote kule. Afundishwe pia kupandisha boya akiwa mita 5 au 6: uzi usifungwe kwenye jaketi la kuelea, bobini inayozungushiwa uzi ishikwe mkononi, hewa itiwe kidogo tu. Uzi ukinasa kwenye jaketi, boya linampandisha na yeye. Wiki 3 hazifiki hata mwandamo mmoja. Pemba, kuta za Misali na milango ya upande wa magharibi zinafaa baada ya hapo. Kuanzia huko ni kujitesa.

Kuhusu fedha, bei inayobandikwa mlangoni si yote. Vitabu, ada ya maombi ya cheti na ada ya uanachama ya kila mwaka huwa mbali, na maski, mapezi na kompyuta ya kuzamia iwe yako mwenyewe. Wapo wanaotoa kozi kwa kubadilishana na kazi. Ni mpango wa heshima ukiandikwa: mizamo mingapi kwa wiki, mwalimu nani, mwisho lini. Usipoandikwa, kijana anajaza mitungi miezi 3 na daftari lake lina mizamo 10. Anza Septemba au Oktoba, kusi ikiwa imepoa, ili wageni wa Disemba wakukute umeshaizoea boti na umeshawajua manahodha.