Uzoefu wangu: miezi mitano ya kuamua kama nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito nikiwa na miaka 51

Nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.63. Kisukari kilikuwa na miaka sita mwilini, presha inanimezesha vidonge viwili kwa siku, na goti la kulia lilishakataa ngazi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa rika hili wanaojiuliza kama wamechelewa, maana mimi swali hilo lilininyima usingizi kuliko kisu chenyewe. Na ninachokitathmini hapa si operesheni peke yake. Ni huduma niliyopewa kabla ya kukubali kupasuliwa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoniokoa na uamuzi mbaya, na watu wengi wanaoniuliza juu ya daktari hawaiulizii kabisa.

Kilichonishtua hakikuwa kioo wala nguo. Ni simu ya mume wangu. Asubuhi moja alinikalisha akanisikilizisha sauti aliyoirekodi usiku. Kwanza mkoromo, ule ambao nyumba nzima inaujua. Halafu kimya. Nikangoja. Kimya kikaendelea, nikaanza kuhesabu, nikafika 22 ndipo ikasikika pumzi ya nguvu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. "Mama watoto," akaniambia, "kila usiku nakaa macho nikikuhesabia." Wiki hiyohiyo nilianza kutafuta kliniki.

Ya kwanza sitaitaja. Walinipima uzito, wakanionyesha picha za watu kabla na baada, na siku hiyohiyo wakanipangia operesheni ya slivu, siku tisa mbele. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kiungulia. Mimi nami sikusema, kwa kuwa nilishakizoea: miaka mingi nalalia mito mitatu, na vidonge vya asidi haviishi kwenye droo ya kitanda. Nilitoka pale nimefurahi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alisoma karatasi yangu mara mbili akauliza, "Kamera ya tumboni wamekupima lini?" Sikujua anazungumzia kamera gani.

Kwa asiyejua: katika slivu, kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Pamoja na kupungua kwa nafasi, huondoka pia sehemu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Ni operesheni nzuri, na ndiyo inayofanywa zaidi duniani siku hizi. Lakini ndani ya bomba lile shinikizo ni kubwa, na asidi hupata njia rahisi ya kupanda juu. Mwenye kiungulia kikali anaweza kuzidiwa vibaya. Na tumbo lililokatwa halirudishwi.

Dada yangu alinipeleka kliniki nyingine, hii ya hospitali kubwa yenye kitengo maalumu cha unene. Huko hawakunipa tarehe. Walinipa orodha: daktari wa upasuaji, daktari wa homoni, mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia, daktari wa nusukaputi, kipimo cha moyo, kipimo cha usingizi, na ile kamera, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni kuangalia tumbo. Nilikasirika, nakiri. Nilidhani wananizungusha. Ilichukua miezi mitano.

Kamera ilionyesha henia pale umio unapoingia tumboni, michubuko ya asidi kwenye umio, na bakteria wa vidonda vya tumbo ambao ilibidi wauawe kwanza kwa antibayotiki. Daktari wa upasuaji aligeuza fomu yangu ya majibu akachora nyuma yake kwa kalamu. Akachora slivu, akaipiga mstari. Akachora baipasi: kifuko kidogo cha mililita 30 hivi kinachotengwa juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Tumbo lililobaki haliondolewi. Linaendelea kutoa majimaji yake, yanakutana na chakula mbele ya safari. "Kwa kiungulia hiki na kisukari hiki," akasema, "nikikufanyia slivu sitakuwa nimekutendea haki." Karatasi ile bado ninayo.

Hakuficha upande wa pili. Mshono unaweza kuvuja. Damu inaweza kutoka, au kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Kidonda kinaweza kuota pale penye muunganiko, hasa kwa mvutaji wa sigara au anayemeza dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mtu wa baipasi huambiwa aziepuke. Hilo lilinigusa, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nikimeza kwa ajili ya goti. Utumbo unaweza kujisokota hata miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo si ya kunywea maji moto na kulala. Na vitamini ni za maisha yote. Alilirudia hilo neno, maisha yote, akaningoja nilijibu.

Binti yangu ndiye aliyekuwa mgumu. "Mama, watu wanafia mezani," alisema, na machozi yakamtoka. Sikubishana naye, nilimchukua tukaenda wote. Daktari alimjibu kwa heshima kama mtu mzima. Alimwambia kwamba katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa zaidi ya 4,700, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama 3 katika kila 1,000. Kisha akamweleza utafiti wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, uliowafuatilia watu wanene waliopasuliwa na wengine waliopata matibabu ya kawaida. Walioingia walikuwa na miaka 37 hadi 60, yaani rika langu hasa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2007 yalionyesha kwamba kundi la waliopasuliwa lilikuwa na vifo vichache zaidi. Binti akauliza, "Na waliokufa kwa operesheni yenyewe wamehesabiwa humo?" Wamo, daktari akasema. Tulirudi nyumbani kimya, lakini hakulia tena.

Kuhusu umri, jibu nililopewa ni kwamba miaka 51 yenyewe si kizuizi. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu na figo. Ila umri una gharama zake ambazo kijana wa miaka 28 hazioni. Misuli inaondoka pamoja na mafuta, na kwa mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi mifupa nayo imeshaanza kupungua nguvu. Ngozi hairudi vizuri. Kwa kisukari, anayekiwahi mapema na ambaye hajafika kwenye sindano za insulini ana nafasi kubwa zaidi ya kukituliza kwa operesheni. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa swali langu la kuchelewa nililiuliza vibaya. Kila mwaka niliokuwa nikisubiri "nijaribu tena kidogo" ulikuwa ukipunguza faida.

Kujaribu nilikuwa nimejaribu. Sindano za semaglutidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, nilichoma miezi minane, zikanipunguzia kilo tisa pamoja na kichefuchefu cha kutosha. Nilipoziacha kilo zilirudi. Daktari wa homoni hakunilaumu. Alisema ndivyo dawa hizo zilivyo, ukiacha mwili unadai chake, na wenye kisukari kwa kawaida hupungua kidogo kuliko wasio nacho. Hakuziponda hata kidogo. Kwa mtu mwenye uzito mdogo kuliko wangu, au asiyetaka kisu, angeanza nazo, na wapo wanaozihitaji hata baada ya operesheni. Neno hilo lilinipa imani naye. Mtu anayekuuzia kitu hakutajii mbadala wake.

Sasa nije kwa mwanasaikolojia, ambaye nilimwendea nikidhani ni wa kupiga muhuri tu. Aliniuliza nakula saa ngapi. Nikataja asubuhi, mchana, jioni. Akaniuliza, "Na saa nne usiku?" Nilinyamaza. Mama yangu aliugua miaka mitatu nyumbani kwangu kabla hajafariki, na mimi ndiye niliyemuuguza. Kila siku nikishamlaza, saa nne, nilisimama jikoni taa imezimwa nikala chochote kilichobaki kwenye sufuria, kwa mwiko. Mama alishazikwa. Kusimama jikoni kuliendelea. Sikuwahi kumweleza mtu. Yule dada wa watu hakunihubiria. Aliniambia: "Tumbo litapungua, lakini saa nne usiku itabaki palepale. Tuamue kwanza utaifanyia nini." Tuliamua kwamba nitoke jikoni kabla ya saa hiyo na nimpigie dada yangu. Nilifanya hivyo wiki nane kabla ya operesheni. Baadhi ya siku nilishindwa, na nilimwambia nilipokuwa nimeshindwa.

Mtaalamu wa lishe naye alinipa zoezi ambalo ningetamani kila anayefikiria operesheni hii alifanye kwanza. Alinipa kikombe cha dawa, kile kidogo cha plastiki chenye mistari, akasema siku moja nzima ninywe kwa kikombe hicho tu, mililita 30 kila baada ya dakika 15. Nilikaa mezani na saa yangu. Saa ya kwanza ilikuwa mchezo. Kufikia mchana nilikuwa nimechoka, nina hasira, nataka kugugumia glasi nzima. Ndivyo siku za mwanzo zinavyokuwa, akaniambia. Vimiminika kwanza, kisha vilivyosagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku kabla ya kingine chochote. Maji hayaendi pamoja na chakula. Baada ya siku ile niliketi na mume wangu nikamwambia: nimekubali, na nimejua ninakubali nini.

Wiki mbili za mwisho ni za mlo mdogo sana, ili ini linalolala juu ya tumbo lisinyae na daktari apate njia. Operesheni ilifanywa kwa matundu matano madogo, nikalala hospitali usiku mbili. Sina mengi ya kusema juu yake. Maumivu ya gesi mabegani yalinisumbua kuliko mishono.

Imepita miezi 14. Nina kilo 84. Dawa za kisukari zimebaki aina moja kutoka tatu, presha nameza kidonge kimoja, kiungulia kimekwisha na nalalia mto mmoja. Mwezi wa nne nywele zilikatika kwa mikono, nikalia ingawa nilikuwa nimeonywa, zimeota tena. Ngozi ya mikono na tumbo imening'inia na haitajikunja yenyewe. Siku moja nilikula kitu kitamu harusini, ndani ya nusu saa moyo ukanienda mbio, jasho likanitoka, ikabidi nilale kwenye gari. Mazoezi ya kunyanyua uzito mdogo nafanya mara tatu kwa wiki kwa ajili ya misuli na mifupa, na goti linapanda ngazi.

Huduma ya tathmini naipa 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu mbili. Mwanasaikolojia walinipa kabla tu. Baada ya operesheni niliambiwa nitafute wangu, na kwangu miezi ya tatu na ya nne ndiyo iliyokuwa mizito, pale chakula hakikuweza tena kunifariji na sikuwa na kingine kilichokaa mahali pake. Na namba ya dharura waliyonipa, Jumamosi niliyotapika mfululizo haikupokelewa. Nilikwenda mapokezi ya dharura nikamkuta daktari kijana aliyetaka kunipa diklofenaki ya sindano. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimefundishwa. Asiyefundishwa angeipokea.

Ukienda kuulizia, usianze na picha za kabla na baada. Uliza kama watakupima kwa kamera, uliza nani atakupigia simu mwezi wa sita, uliza damu yako itaangaliwa mara ngapi kwa mwaka na nani. Wala usijiondoe mwenyewe kwa kudhani hujafikia unene wa kutosha. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Yangu ilikuwa 44.

Kipimo changu cha damu kijacho ni mwezi ujao: madini ya chuma, B12, vitamini D, kalisi. Siku hiyohiyo nitapimwa usingizi upya, maana mashine ya kupumulia usiku, niliyopewa baada ya kipimo cha kwanza cha usingizi, nimekatazwa kuiacha kabla ya majibu. Binti yangu amesema safari hii atanipeleka yeye. Mume wangu siku hizi analala, ingawa mara mojamoja nikigeuka usiku namkuta yuko macho, anasikiliza.