Dead Space ya 2023: Madude ni Matokeo, Mshtakiwa ni Jiwe

Haya wadau, karibuni. Leo nipo na Dead Space, gemu ya kutisha, ile iliyotengenezwa upya ikatoka Januari 2023, naichezea kwenye PlayStation 5. Najua nimechelewa. Wengine mlishaimaliza mkaisahau. Mimi nilisubiri ishuke bei, maana ilitoka kwa dola 70, na hiyo hesabu ya kubadili kuwa shilingi naomba tusiifanye hapa, tutaharibu siku.

Kabla sijaenda mbali, angalieni hicho kitu kwenye skrini, nimesimamisha makusudi. Jiwe jekundu, refu, pembe mbili zimejisokota kama kamba ambayo msukaji ameiachia njiani, na limechorwa maandishi kuanzia chini mpaka kileleni. Wenyewe wanaliita Marker. Mimi nitasema jiwe, tutaelewana. Wachambuzi wengi wa gemu hii wanahangaika na yale madude yanayokimbia kwenye korido. Nami nitayasema, ila kesi ya leo ni ya jiwe.

Hadithi kwa kifupi. Mwaka ni 2508. Kuna meli ya anga inaitwa USG Ishimura, kazi yake kupasua sayari: inang'oa pande zima la ardhi, inalipandisha juu, inatoa madini. Iko kwenye sayari ya Aegis VII, mawasiliano yamekatika, kinatumwa chombo kidogo cha mafundi wakaangalie kuna nini. Mmoja wao ni wewe, Isaac Clarke. Una mpenzi wako mle ndani, Nicole, daktari. Mnafika, mapokezi hakuna mtu. Dakika chache baadaye unakimbilia lifti mikono mitupu, na nyuma yako kuna kitu ambacho jana kilikuwa mfanyakazi wa meli.

Isaac ni fundi, na hilo likumbukeni, nitalirudia. Silaha yake ya kwanza ni mashine ya kukatia miamba, inaitwa plasma cutter, anaiokota juu ya meza, na ukutani mtu ameacha ushauri kwa damu kwamba madude yakatwe viungo. Kile kiburi chako cha risasi ya kichwa kiache mlangoni. Kichwa kinadondoka, mwenzako anaendelea kuja. Ona hapa: nabonyeza kitufe, mdomo wa mashine unalala, nakata mguu. Anaanguka, anatambaa. Nasimamisha mdomo, nakata mkono. Ndiyo kwanza anatulia. Kwenye toleo hili ngozi inachanika kwanza, halafu nyama, halafu unaona mfupa. Kama unakula, samahani.

Na juu ya skrini hakuna kitu. Hakuna mstari wa uhai, hakuna hesabu ya risasi pembeni. Uhai wa Isaac unauona kwenye uti wa mgongo wa suti yake, taa za bluu zinazopungua. Risasi zinahesabiwa kwa mwanga juu ya silaha yenyewe. Ubunifu huo umetoka kwenye toleo la kwanza, la 2008, na mpaka leo ni wachache waliouiga vizuri hivi.

Sasa niwaonyeshe kitu kipya ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote. Hili hapa ni boksi la umeme. Nataka umeme uende kwenye mtambo mmoja, na umeme hautoshi. Gemu inaniambia nichague: nizime taa, au nizime hewa. Basi. Nikizima taa nitapita gizani na madude. Nikizima hewa nitaona vizuri, ila nina sekunde za kuhesabu kabla Isaac hajakabwa. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye mgao wa umeme, mtu haniambii kitu kuhusu giza, nikazima taa. Sijafika hata nusu ya chumba, nyumbani kwangu nako umeme ukakatika. Kweli kabisa. Nilikaa na padi ya kuchezea mkononi nikisikia moyo wangu mwenyewe, mtoto wa jirani akalia, nikaruka. Uchambuzi huu ulipaswa kutoka wiki iliyopita, sasa mnajua sababu.

Hedifoni ni lazima. Isaac akichoka pumzi inabadilika, akiumia unasikia, na ile meli ina minong'ono kwenye mabomba. Spika za runinga zitakudhulumu.

Turudi kwenye jiwe. Kuanzia hapa nafichua hadithi, asiyetaka aruke mbele.

Jiwe la kwanza kabisa lilikuwa jeusi, na hadithi inaliweka Chicxulub, Meksiko. Chicxulub ni mahali pa kweli, fungueni ramani. Ndipo lilipo shimo la kimondo, upana wake kama kilomita 180, kimondo kile kinachohusishwa na kutoweka kwa dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Waandishi wamechomeka jiwe lao hapo hapo, na mimi nawavulia kofia. Anayelifikia ni mwanasayansi, Michael Altman. Analiona lilivyo, anataka liachwe. Wanamuua, halafu wanamfanya nabii na kujenga dini kwa jina lake. Nahodha wa Ishimura ni muumini wa dini hiyo, kwa hiyo hata safari ile haikuwa ya madini peke yake.

Sasa jiweke kwenye viatu vya serikali ya Dunia kwenye hadithi hii. Dunia imeishiwa, mnapasua sayari za mbali mpate chuma. Mnalo jiwe linalotoa nishati isiyokwisha. Tatizo ni dogo tu: wanaolikaribia wanaanza kuongea na marehemu wao, wanajiua, wanauana, na maiti zinaamka zikiwa na makali mahali palipokuwa na mikono. Mngefanyaje? Wao walitengeneza nakala. Ndiyo, hilo jekundu kwenye skrini ni nakala! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Liliundwa kwa mikono ya watu pale Aegis VII, zaidi ya miaka 200 kabla Isaac hajafika, likawashinda, wakaifunga sayari wakaondoka kimya kimya. Wakaja wachimbaji wasio na kibali, wakalifukua.

Na haliishii hapo. Kwenye gemu ya pili, ya 2011, miaka mitatu imepita, Isaac yuko kwenye kituo cha Titan, huko kwenye mwezi wa Zohali, amefungiwa kama mgonjwa wa akili. Michoro ya jiwe imo kichwani mwake. Wakubwa wa kituo wameitoa na wamejenga jingine. Maiti zinaamka upya. Ya tatu, ya 2013, ndiyo inasema haya mawe yanataka nini: kukusanya wafu wote wa sayari wawe mwezi mmoja mkubwa wenye njaa. Mimi nadhani ya tatu imesema mengi kupita kiasi. Kitu kinachotisha ukishakipa sura na tumbo, kinakuwa nyoka tu, mkubwa.

Lakini kumbukeni nilichosema, Isaac ni fundi. Jiwe haliji na jeshi. Linahitaji mtu mmoja anayejua kushika spana, limchoree kichwani namna ya kulijenga, limtumie uso wa mtu anayempenda. Nicole unayekutana naye melini, je? Chukua majina ya sura 12 za gemu, soma herufi za kwanza kwa Kiingereza. Tangu sura ya kwanza walikuwa wanakuambia kwamba ameshakufa. Hilo lilikuwepo 2008, nikalipita kama lilivyo.

Toleo jipya limemwongezea Isaac sauti, 2008 alikuwa bubu. Nilidhani atanikera, hakunikera, anaongea kama fundi anayeongea na injini. Na limeongeza mwisho wa pili. Unacheza mzunguko wa pili, unatafuta vipande 12 vya jiwe vilivyotawanyika melini, unavipanga chumbani kwa nahodha. Ukifanya hivyo, mwishoni Isaac yuko kwenye chombo kidogo, ametoroka, jiwe limebaki nyuma. Nicole yuko pembeni yake. Hakuna kelele, hakuna dude linaloruka. Isaac anaongea naye kwa upole, anasema kuna kitu anataka kujenga.

Niliweka padi chini.

Haya, malalamiko. Kurudi nyuma kufungua milango ambayo sasa una kibali chake kunachosha, hasa ukishajua njia. Sehemu ya mwisho unakuwa na risasi nyingi, woga unapungua. Adui wa mwisho ni lidude likubwa lenye madoa ya manjano ya kupiga, ni kazi ya dakika chache, gemu nzuri namna hii ilistahili bora. Na hakuna maandishi ya Kiswahili, wakati nusu ya hadithi imo kwenye rekodi za sauti na barua za wafanyakazi. Usipofuata Kiingereza utapata mbio na damu, jiwe litakupita.

Wa kompyuta, andaeni RAM ya GB 16 na nafasi kama GB 50. Watoto hapana, kabisa. Kwa bei kamili sikushauri, kwa punguzo chukua bila kuuliza. Mimi vipande vyangu nilivipata vyote, na jana usiku mke wangu alinikuta sebuleni naanza mzunguko wa tatu. Akaniuliza unatafuta nini tena humo. Nikamwambia nawarekodia nyie video.