Italo Calvino kanifanya nimlaumu muuza vitabu bure

Jamani niliaibika. If on a winter's night a traveler, ya yule Muitaliano Calvino, ilitoka 1979, hii yangu ni ya Kiingereza aliyotafsiri William Weaver, nimeinunua mtumba kwa muuza vitabu wa chini karibu na teksi paki ya zamani hapa Kampala, elfu 15 baada ya kubishana weee. Usiku nikapanda basi la Arua, nikawasha tochi ya simu.

Kinaanza kwa kukusemesha wewe msomaji, eti tafuta mkao mzuri, tulia. Nikacheka, mimi nimebanwa na gunia la mtu huku mtoto wa jirani kalala begani kwangu. Haya, kuna jamaa na sanduku lake stesheni ya treni, inanoga, inanoga, pap! imekatika. Nikamrekodia muuzaji voisi ya hasira palepale, kaniuzia kitabu kibovu. Nageuza ukurasa, kumbe msomaji wa ndani ya kitabu naye analalamika kurasa zimechanganywa kiwandani, na kesho yake anarudi dukani kubadilishiwa! Nikafuta voisi, ila alishaisikia.

Ndo mchezo wenyewe, hadithi kumi zinaanza, zote zinakatwa pale utamu unapokolea. Bibi yangu wa Bombo alikuwa hivyohivyo, anafika kwenye zimwi anasema usingizi umenishika, malizieni wenyewe. Zingine zimenichosha kusema kweli, ila ya yule profesa anayekimbia asubuhi, kila simu inayolia kwenye nyumba za watu anahisi ni yake, hiyo nimeirudia mara mbili.

Sasa balaa. Karibu na mwisho, ukurasa wa 208 unaruka mpaka 225, nikasema aah Calvino ushanizoea, nikaendelea kwa raha zangu mpaka nikamaliza na kumsifia kwa watu wiki nzima. Rafiki yangu anayefanya kazi ya kuprinti Nasser Road ndo akakishika akacheka, hizo ni kurasa 16, karatasi moja kubwa ikikunjwa inatoa 16, yako walisahau kuibandika. Yaani safari hii ni kibovu kweli.

Kitabu nyota nne, nakala nyota moja, hesabu kurasa kabla hujalipa. Nimekirudisha kwa muuzaji, kaniangalia tu: "Bosi, si ulinipigia kuomba msamaha, ukasema ndivyo kilivyoandikwa?"