Mzinga wa viunzi au wa fremu: mfugaji mpya wa nyuki Tanga anunue upi?

Kwa anayeanza Handeni au Pangani, tunashauri mzinga wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize sega. Seremala wa mtaani anauweza, mradi asikosee kipimo kimoja: kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32 hadi 33. Akizidisha, nyuki wetu huunganisha sega kwenye viunzi viwili. Ukinyanyua kimoja, sega linakatika na asali inawamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki. Paka nta iliyoyeyushwa katikati ya kila kiunzi. Ndiyo inayowaongoza wajenge sega lililonyooka, na harufu yake huvuta kundi.

Mzinga wa fremu, uitwao Langstroth, ambamo sega hujengwa ndani ya fremu za mbao, unaweza kukupa asali nyingi zaidi, kwa kuwa sega hukamuliwa na kurudishwa likiwa zima. Bila mashine ya kukamulia, faida hiyo haipo. Kwenye viunzi unakata sega na kuchuja kwa kitambaa safi, na nta unauza.

Mavazi ni yaleyale: ovaroli nyeupe, glovu, gambuti na kofia ya wavu, ambayo kwa kweli usiibanie pesa. Bomba la moshi la kuwatuliza nyuki ni lazima. Ning'iniza mzinga kwa waya uliopakwa grisi, siafu wasipite.