TAHADHARI: Wale wa "kufunga namba bure" Ilala, mtatobolewa kondensa

Wakuu kama umetoa gari bandarini juzijuzi na pleti namba zako unazo mkononi, kuweni macho na jamaa fulani wanaokaa pembeni ya barabara kule Ilala, wanakuuzia fremu 15,000 halafu kufunga eti bure. Shemeji yangu kapigwa juzi na Vanguard yake, nimeona niandike.

Mchezo uko hivi, jamaa hapimi kitu, anaegesha fremu pale chini kwenye nyavu ya bampa, anawasha drili anatoboa. Sasa nyuma ya ile nyavu ndo kuna kondensa ya AC (ile inayopoza gesi ya AC), inakaa mbele hata ya rejeta, na vijibomba vyake ni alumini nyembamba, drili ikiteleza kidogo tu pshhhh gesi yote imeisha. Hapo unaambiwa "aah bosi hii ilikuwa inavuja tokea Japani" na wala huhangaiki kutafuta fundi, mwenzake yupo palepale na kondensa ya mtumba ya Vanguard anayo tayari, laki 4. Yani ilikuwa inamsubiri shemeji 😡

Kinachouma zaidi bampa halikuwa na haja ya kuguswa. Gari nyingi za Japani zinakuja na matundu mawili ya namba mbele, sm 21 kati kwa kati, bolti za spana namba 10. Pleti zao ni fupi, sm 33 tu, zetu ndefu ndo maana matundu hayaendani, basi kinachotobolewa ni fremu au pleti yenyewe (bila kupita kwenye herufi), sio gari. Tumia bolti fupi na washa za mpira kwa nyuma zisikwangue rangi, kazi imeisha.

Wenye Harrier na Crown za karibuni msikubali jamaa aipandishe pleti juu kwenye nembo. Ile nembo laini kama kioo, rada (kihisi kinachoangalia gari la mbele) inakaa nyuma yake, ukiiziba taa za tahadhari zinawaka kwenye dashibodi na hapo napo atakuletea mtu wa mashine ya kuzifuta, kwa hela yako tena.

Ukiona mtu kashika drili kabla hajashika futi, chukua pleti zako usepe. Shemeji bado anaendesha vioo wazi na joto hili la Dar, mwenye fundi wa AC mwaminifu maeneo ya Tabata anicheki inboksi.