Flashi ya Sikinde niliyonunua Majengo: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Nimefika miaka 26 bila kuwa na bendi ninayoweza kuiita yangu. Nilikuwa nasikiliza chochote kinachopita redioni. Flashi niliifuata kwa sababu tu bando linaniishia kabla ya saa sita mchana. Kijana mwenye kibanda karibu na soko aliniuzia ya GB 8, imejaa zilipendwa, kwa shilingi 15,000.

Folda ya kwanza iliandikwa SIKINDE, yaani Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1978. Wiki mbili nzima sikufungua folda nyingine.

Hawa watu hawana haraka. Wanakuwekea kisa kwanza: sauti nyembamba ya Hassan Bitchuka inapanda, ya Muhidin Gurumo inaipokea, magitaa yanasemezana chinichini. Ukishatulia, waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linang'ang'ania kipande kimoja, tarumbeta zinaingia, tumba zinakolea. Hilo ndilo chemko. Siku ya kwanza nilijikuta nakanyaga cherehani kwa mapigo ya tumba, nikapitiliza mshono wa sketi ya shule. Nikafumua, nikaurudia wimbo.

Sasa lawama. Nyimbo nyingi hazina majina, ni namba tu. Na 11 zimekatwa dakika ya nne, mlangoni kabisa pa chemko. Ni kutengewa ugali halafu mlenda ukaondolewa mkekani.

Kubwa zaidi alinionyesha mzee mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa. Alisikiliza kidogo, akainua kidole.

"Mjukuu wangu, hiyo siyo Sikinde. Hiyo Msondo."

"Lakini babu, anayeimba si Gurumo?"

Akacheka. Gurumo alitokea hukohuko Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ndipo akaenda Sikinde. Ukifuata sauti yake peke yake utapotea. "Sikiliza magitaa," akaniambia. Nikahesabu, kumbe Msondo zilikuwa tano humo ndani! Kwa shabiki wa Sikinde, hiyo ni kama mtu wa Simba kuvishwa jezi ya Yanga gizani. (Zile tano ni tamu, lakini hilo nisingemwambia mtu wa Msondo.)

Nilimrudishia kijana. Hakubisha. Alipanga folda upya bila kuniongezea hela, na nyimbo nane akazipata nzima. Tatu hana. Nampa nyota tatu kati ya tano, na ukienda kwake, kila wimbo usikilize mpaka mwisho palepale kibandani kabla hujatoa pesa.

Mzee naye amekuwa wa kila Ijumaa, hata kama hana nguo ya kushona. Zile tatu zikifika pale zinapokatika, nabonyeza kitufe kusimamisha, yeye anamalizia tarumbeta kwa mdomo.